Injini Nyingine Katika Trekta Kuukuu: Pima Kwanza Ndipo Ununue



Kila mwaka, miezi ya Desemba na Januari inapofika, watu huja katika ofisi ya kilimo na swali moja. Trekta la zamani limesimama kwa sababu injini yake imekufa. Huenda bloku imepasuka, au krenki imevunjika, au laina zimekwisha na vipuri vyake ni taabu kupatikana. Mvua ndefu zatazamiwa mwezi wa Machi. Trekta jipya haliwezi kununuliwa kwa fedha za mavuno ya mwaka mmoja. Naye mwenye trekta amesikia ya kuwa huko Malaba, au Busia mjini, kuna injini nzuri inauzwa. Basi auliza: "Je, naweza kuitia injini hiyo katika trekta langu?"

Jibu ni hili: ziko injini zinazoweza kutiwa zikafanya kazi miaka mingi, na ziko ambazo zitakula fedha zako na kulivunja trekta pia. Tofauti yake haionekani kwa macho, wala haijulikani kwa kusikia mlio tu. Hujulikana kwa kupima. Makala hii yaeleza mambo ya kupima, ili wewe uliye Nambale, Amukura, Bunyala, Lugari au Trans Nzoia uyajue kabla fedha hazijatoka mfukoni.

JAMBO HILI SI GENI

Usidhani ya kuwa kubadili injini ni ujanja wa mafundi wa jua kali peke yao. Viwanda vyenyewe vilifanya hivyo. Frank Perkins alianza kuunda injini za dizeli katika mji wa Peterborough, Uingereza, mwaka 1932. Baada ya Vita Kuu ya Pili, injini zake aina ya P6 zilitiwa katika matrekta ya Fordson Major, na zile ndogo aina ya P3 ziliuzwa pamoja na vifaa vyake vyote kwa wakulima waliotaka kuondoa injini ya petroli katika Ferguson la kijivu na kutia ya dizeli.

Hilo Ferguson la kijivu, liitwalo TE20, liliundwa mjini Coventry kutoka mwaka 1946 hadi 1956, na zaidi ya matrekta 500,000 yalitoka kiwandani. Yale ya kwanza yalikuwa na injini ya Continental kutoka Marekani, kwa kuwa injini ya Standard ya Kiingereza ilikuwa haijawa tayari. Uimara wa trekta hilo ulijulikana dunia nzima. Tarehe 4 Januari 1958, Edmund Hillary wa New Zealand alifika Ncha ya Kusini ya dunia, penye barafu tupu, akiendesha matrekta ya namna hiyo.

Mwaka 1956 likaja Ferguson 35, ambalo baadaye liliitwa Massey Ferguson 35. Lile la dizeli lilikuwa na injini ya Standard ya silinda nne. Lawama yake kubwa ilikuwa kuwaka kwa shida asubuhi ya baridi. Mwaka 1959 kampuni ya Massey Ferguson iliinunua kampuni ya Perkins, na 35 likaanza kutiwa injini ya Perkins ya silinda tatu. Likaendelea hivyo mpaka lilipofuatwa na 135 mwishoni mwa mwaka 1964.

Matrekta ya Ferguson, Massey Ferguson na Fordson yalilima sana katika mashamba makubwa ya nyanda za juu. Ulipoanza mpango wa makazi wa ekari milioni moja mwaka 1962, mashamba hayo yakagawanywa, na wazee wetu wakapata ardhi. Matrekta nayo yakapita mkono hadi mkono. Ndiyo maana mpaka leo waweza kulikuta Massey Ferguson 35 chini ya banda la mabati, likiwa na umri kuliko mwenyewe.

Fundisho la habari hizi ni jepesi. Injini iliyofaa ilikuwa ile ambayo kiwanda kilikwisha kuipima, kikatengeneza na vifaa vya kuiunganisha. Ukifuata njia ambayo kiwanda kimekwisha kuipita, kazi ni nusu. Ukitaka kupasua njia yako mwenyewe, uwe na fundi hodari sana na fedha za kupoteza.

INJINI YA TREKTA NI MFUPA WAKE

Watu wengi hufikiri ya kuwa injini ya trekta imekaa kama injini ya lori. Sivyo. Lori lina chesesi, yaani fremu ya chuma kutoka mbele hadi nyuma. Injini imewekwa juu ya fremu hiyo, na ukiiondoa, lori labaki limesimama juu ya magurudumu yake manne.

Matrekta kama Ferguson la kijivu, 35 na 135 hayana fremu. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini, injini imefungwa kwenye giaboksi, na giaboksi imefungwa kwenye ekseli ya nyuma. Ukiondoa injini, trekta lakatika vipande viwili. Kwa hiyo injini ina kazi mbili: kutoa nguvu, na kubeba trekta kama uti wa mgongo ubebavyo mwili. Plau ikigonga jiwe, pigo lote lapita katika bloku na sampu ya injini.

Wakulima wa Teso wanalijua jambo la mawe. Pande za Amukura na Kakapel miamba yachomoza juu ya ardhi, na mawe mengine yamefichwa chini ya udongo wa kichanga. Huko Bunyala mambo ni mengine: udongo mweusi wa mto Nzoia ni mzito, unanata, nao huvuta trekta nyuma siku nzima. Mahali pote pawili injini isiyo na mifupa haitadumu.

MAMBO SITA YA KUPIMA

Chukua karatasi, kalamu, rula na futi. Mwite fundi wako. Pimeni trekta lako kwanza, kisha mwende kuipima injini inayouzwa. Msikubali kupima kwa kukadiria.

Kwanza, sampu. Sampu ni lile bakuli la oili chini ya injini. Katika injini ya trekta la namna hii, sampu ni ya chuma kizito cha kumiminwa, nayo husaidia kubeba trekta. Katika injini nyingi za magari na za mitambo, sampu ni ya bati au ya aluminiamu. Igonge kwa spana. Ikilia kama sufuria, haiwezi kubeba ekseli ya mbele.

Pili, matundu ya bolti nyuma ya injini. Hesabu matundu, pima umbali kati yake, tena pima upana wa kila tundu. Yakipishana na ya giaboksi yako, itatakiwa sahani ya chuma ya kuunganisha. Sahani hiyo lazima ichongwe na fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, siyo kwa moto wa gesi. Ikipinda kwa unene wa kucha tu, shafti haitanyoka, na beringi pamoja na klachi zitakwisha upesi.

Tatu, flaiwili na klachi. Shafti itokayo katika giaboksi ina meno. Yahesabu, upime na unene wa shafti. Sahani ya klachi lazima iwe na meno sawa na hayo. Angalia pia kama trekta lako lina klachi moja au mbili. Matrekta mengine aina ya 35 yana klachi mbili, ya kwanza ya magurudumu na ya pili ya shafti ya nyuma inayoendesha mashine. Ukitia flaiwili ya klachi moja mahali pa klachi mbili, hutaweza tena kusimamisha magurudumu huku mashine ya nyuma ikiendelea kuzunguka.

Nne, mwendo wa injini. Jambo hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Katika Ferguson la kijivu, injini ikizunguka mara 1,500 hivi kwa dakika, shafti ya nyuma huzunguka mara 540 hivi, na mashine nyingi za kufungwa nyuma zimeundwa kwa mwendo huo. Injini ya pikapu hutoa nguvu zake zote ikizunguka karibu mara 4,000. Ukiiendesha kwa 1,500, nguvu yake ni ndogo na plau itaishinda. Ukiiendesha kwa 3,000 ili ipate nguvu, shafti ya nyuma itazunguka mara 1,080, yaani mara mbili ya kipimo. Mashine ya kupukuchulia mahindi ikizungushwa hivyo yaweza kupasuka, na vipande vyake huua.

Tano, gavana ya injini. Hiki ni kifaa ndani ya pampu ya dizeli kinachoulinda mwendo. Katika trekta, ukiweka mkono wa mafuta mahali pamoja, gavana huongeza dizeli yenyewe plau ikiingia penye udongo mgumu, na kupunguza ikitoka. Injini nyingi za magari hazina gavana ya namna hiyo. Gavana yake hulinda mwendo wa chini kabisa na wa juu kabisa tu, na katikati ni mguu wa dereva. Katika shamba, injini hiyo itazimika penye ugumu na kukimbia ovyo penye wepesi. Usiinunue mpaka fundi wa pampu akuambie kama pampu yaweza kubadilishwa, na kwa fedha ngapi.

Sita, kupoza. Busia ni nchi ya joto kuliko Kitale au Lugari. Trekta likilima saa sita mchana karibu na ziwa halipati upepo kama gari linalokimbia barabarani. Pima rediata, feni, na mabomba ya maji. Injini kubwa juu ya rediata ndogo itachemka siku ya kwanza, na silinda hedi itapinda kabla ya wiki kwisha.

USITAFUTE NGUVU KUPITA KIASI

Wengine husema, "Kama natia injini nyingine, heri nitie yenye nguvu mara mbili." Fikiri tena. Giaboksi, gia za nyuma na shafti za magurudumu ziliundwa kwa nguvu za injini ya kwanza. Massey Ferguson 35 lina nguvu za farasi zipatazo 37. Ukitia injini ya farasi 80, injini haitavunjika, bali gia zitakatika meno. Tena trekta jepesi lenye nguvu nyingi huinuka mbele likivuta mzigo, nalo laweza kupinduka na kumlalia dereva.

Historia ya Afrika Mashariki inatuonya juu ya mashine zilizogeuzwa kazi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Kongwa palikuwa mahali pa kwanza. Matrekta hayakutosha. Basi vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, yakaitwa Shervick. Nguvu zilikuwako, tena nyingi. Lakini ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama saruji, mashine nyingi za mpango zilivunjika, na vipuri vilikuwa shida. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Haikuwa kosa la vifaru peke yake, lakini ilionekana wazi ya kuwa nguvu ni kitu kimoja, na kufaa kwa kazi ni kitu kingine.

INJINI ZA NAMNA NNE UTAKAZOONYESHWA

Ukienda kutafuta injini mpakani au mjini, aghalabu utaonyeshwa moja ya namna hizi.

Namna ya kwanza ni injini ya ukoo mmoja na trekta lako. Kwa mwenye Massey Ferguson 35, hii ni Perkins 3.152. Namba hizi zina maana: silinda 3, na ujazo wa inchi 152, ambao ni kama lita 2.5. Kila silinda ina upana wa inchi 3.6, na pistoni hupanda na kushuka inchi 5. Injini ya 135 ni ya ukoo huo huo, ila dizeli hunyunyiziwa moja kwa moja juu ya pistoni, nayo huwaka kwa urahisi zaidi asubuhi ya baridi. Jambo hili ni faraja kwa wakulima wa Lugari na Trans Nzoia.

Kama 35 lako lilikuwa na silinda tatu tangu mwanzo, kazi ni nyepesi. Kama lilikuwa na Standard ya silinda nne, yawezekana pia, lakini utahitaji vitu vingi pamoja na injini: sahani ya nyuma, flaiwili, klachi, kiti cha ekseli ya mbele, rediata na mabomba yake. Kuvitafuta kimoja kimoja ni kazi ya kuchosha. Heri ununue sehemu yote ya mbele kutoka trekta moja lililoharibika giaboksi.

Namna ya pili ni injini ya ukoo huo huo, lakini iliyotoka katika jenereta, foku ya kuinulia mizigo, au mtambo wa kubana hewa. Injini hizi zaweza kuwa nzuri sana, maana bloku ni ile ile. Lakini angalia sampu, kifuniko cha mbele na mahali pa kufungia ekseli, kwa kuwa huwa tofauti. Tena injini ya jenereta mara nyingi imefungwa gavana ili izunguke mara 1,500 tu kwa dakika, bila kupanda wala kushuka. Pampu yake itahitaji kurekebishwa na fundi wa pampu. Kama sampu na kifuniko vya injini yako ya zamani ni vizima, na injini zote mbili ni 3.152, huenda ukaweza kuvihamisha. Usitupe injini yako mbovu kabla kazi haijaisha.

Namna ya tatu ni injini ya pikapu au matatu. Bei yake huvutia, na vipuri vyake viko kila mji. Lakini umekwisha kusoma habari za sampu, mwendo na gavana. Ili ifae, itatakiwa fremu mbili za chuma kizito ubavuni, kutoka giaboksi hadi ekseli ya mbele, ili zibebe trekta badala ya injini. Kazi hii hufanyika, na wako mafundi wanaoijua. Lakini trekta la namna hiyo lafaa zaidi kuvuta tela la miwa au la maji kuliko kulima ardhi ngumu.

Namna ya nne ni injini ya silinda moja, kama zile za kuendeshea posho mili na pampu za maji. Ni injini za kuaminika katika kazi yake. Lakini krenki yake hulala upande, ili izungushe mkanda, ilhali shafti ya giaboksi ya trekta huelekea mbele. Tena zile za farasi 12 ni kama theluthi moja ya nguvu za 35. Iache isage mahindi yako.

IJARIBU KABLA YA KULIPA

Injini iliyolala chini katika banda, imepakwa rangi mpya, haisemi kitu. Mwambie mwenye kuiuza aifunge juu ya magogo, atie maji na betri, aiwashe mbele yako. Akikataa, nenda zako.

Iguse kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla hujafika ili kukuficha ugumu wa kuwaka. Chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake, na huenda bloku au silinda hedi imepasuka. Ikisha kuwaka, tazama moshi. Moshi mweusi usiokwisha ni dizeli nyingi au hewa kidogo, mara nyingi nozeli mbovu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, yaani ringi na laina zimechoka. Moshi mweupe kidogo asubuhi si kitu, lakini usipokwisha injini ikipata moto, dizeli haiungui vizuri au maji yanaingia ndani.

Fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma. Ukiona mvuke unapuliza kwa nguvu kama birika, pistoni hazibani tena. Tazama kipimo cha oili: lazima kipande mara moja, wala kisianguke sana injini ikipata moto. Kisha soma namba ya injini kwenye bloku. Ikiwa imesuguliwa kwa tupa au kupigwa upya, usiinunue hata kwa bei ya bure. Anayesugua namba ana jambo la kuficha.

FANYA HESABU

Kabla ya kukubali bei ya injini, andika gharama zote: injini, klachi, gasketi, mabomba, kuchonga sahani, kurekebisha pampu, usafiri, ufundi, oili mpya, na ushuru kama upo. Jumla itakuwa kubwa kuliko bei ya injini uliyoambiwa.

Huu ni mfano tu. Wewe weka bei za kwenu. Tuseme kazi yote itagharimu shilingi 240,000. Tuseme unatoza shilingi 3,500 kulima ekari moja, na dizeli, dereva na matengenezo vyala shilingi 2,000. Wabaki na shilingi 1,500 kwa ekari. Ukigawanya 240,000 kwa 1,500 wapata ekari 160. Ndizo ekari ambazo trekta lazima lilime kabla halijakurudishia fedha yako. Likilima ekari nne kwa siku, ni siku 40 za kazi kamili.

Sasa jiulize: nina ekari hizo? Majirani watanikodi na kulipa? Kama shamba lako ni ekari tano, na jirani wote wana matrekta, injini hiyo haitakulipa. Heri ukodi trekta, au ukodi ng'ombe wa plau. Watu wa Teso wamelima kwa ng'ombe miaka mingi sana, na shamba la ekari chache hulimika vizuri. Mahindi yaliyopandwa kwa wakati katika shamba lililolimwa na ng'ombe hushinda yale yaliyochelewa yakingoja trekta lililofunguliwa vipande vipande. Kwa hiyo, kama umeamua kubadili injini, anza mara baada ya mavuno, siyo wiki ya mvua.

KARATASI NA MPAKA

Vituo vya mpakani vya Malaba na Busia siku hizi ni vya namna moja: maafisa wa Kenya na wa Uganda hufanya kazi mahali pamoja, ili msafiri asimame mara moja tu. Kituo cha Busia kilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Pia uko utaratibu mwepesi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bila ushuru wa forodha.

Lakini soma vizuri. Cheti hicho ni cha vitu vilivyokuzwa au kutengenezwa katika nchi za Jumuiya. Injini iliyoundwa Peterborough au Japani haiwi mali ya asili ya Uganda kwa sababu imelala Tororo mwaka mzima. Ukiinunua ng'ambo, nenda kwanza katika ofisi ya forodha ukaulize ushuru wake, ndipo ukubali bei. Usipite njia za panya. Mzigo ukikamatwa, wapoteza injini, wapoteza fedha, na msimu nao wakupita.

Ukinunua upande wa Kenya, dai risiti yenye namba ya injini, jina la muuzaji na namba ya kitambulisho chake. Injini ikisha kufungwa, namba iliyoandikwa katika kitabu cha trekta haiwi ya kweli tena. Yakupasa kuipasha habari Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi ili waibadilishe. Waambie na watu wa bima. Trekta lenye namba isiyolingana laweza kukuletea taabu barabarani, na siku ya kuliuza hakuna mtu mwenye akili atakayelinunua.

SIKU YA KAZI

Kulikata trekta vipande viwili ni kazi ya hatari. Injini ya silinda tatu ina uzito wa watu wazima watatu au zaidi. Sikiliza maneno haya, hata kama fundi wako ana haraka.

Fanya kazi juu ya sakafu ngumu na tambarare. Ondoa betri kwanza, kisha mwaga maji na oili. Ondoa boneti, tangi la dizeli, rediata, nyaya na vyuma vya usukani, na kila nati itiwe katika kopo lenye alama. Piga kabari za mbao ngumu pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kiti chake. Ekseli ile hucheza juu ya pini moja, na bila kabari injini itaanguka ubavuni mara itakapoachana na giaboksi. Simamisha giaboksi juu ya stendi ya chuma. Usitumie jeki peke yake wala matofali.

Kuinua injini, tumia winchi ya mnyororo juu ya mihimili iliyojengwa kwa kazi hiyo. Tawi la mwembe si winchi. Mtu yeyote asitie mkono wala mguu chini ya kitu kinachoning'inia, na watoto wasikaribie.

Wakati wa kuunganisha, sahani ya klachi inyooshwe katikati kabla ya kusukuma. Injini na giaboksi zikutane zenyewe, bolti ziingie kwa vidole. Ikibaki nafasi, rudi nyuma utazame kilichozuia. Fundi anayevuta pande mbili kwa nguvu ya bolti hupasua chuma au hupinda sahani ya klachi, na kazi yote huanza upya.

BAADA YA KUWAKA

Injini ikiwaka, usikimbilie shambani na plau siku hiyo. Iache ingurume, utazame oili na maji, ukaze tena bolti za kiungo. Siku chache za mwanzo fanya kazi nyepesi, kama kuvuta tela au haro. Kila jioni pitisha spana katika bolti zote kati ya injini na giaboksi na katika kiti cha ekseli ya mbele. Baada ya saa 50 za kazi, mwaga oili utie mpya pamoja na filta. Andika yote katika daftari: tarehe, saa, oili, na kila kilichobadilishwa. Daftari hilo litamsaidia fundi wa kesho, na mtoto wako atakayelirithi trekta.

Basi, ndugu mkulima, trekta kuukuu si aibu, wala injini ya pili si dhambi. Mzee wa chuma mwenye giaboksi nzima na ekseli imara aweza kulima miaka mingi bado, kama utampa moyo wa ukoo wake. Anza mapema, pima kila kitu, ijaribu injini kwa macho yako, fanya hesabu ya ekari, na uweke karatasi zako sawa. Ukiona shaka, njoo kwa Bwana Shamba wa kata yenu na ile karatasi yako ya vipimo kabla hujalipa hata shilingi moja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.